Chumba Nilichopangisha ni cha Nani?



Leo shemasi wenu hataki kusema juu ya mambo ya mbali. Nataka tuzungumuze juu ya lupango. Hapa kwetu Lubumbashi, ukipita Katuba, Kenya, Ruashi ao Kampemba, utaona nyumba kubwa mbele, na nyuma yake vyumba viwili ao vitatu vimejengwa kwa musitari, karibu na choo na kisima. Tunaviita anekse. Ndani ya kila chumba kuna mupangaji, yule tunayemwita lokatere. Anaweza kuwa mwanafunzi, mama mujane, kijana aliyeoa mwaka uliopita, ao baba aliyeacha kijiji kuja kutafuta kazi.

Wengi kati yetu tunakula kwa ajili ya vyumba vile. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliacha kazi katika mupango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Marehemu baba yangu alikuwa mumoja wao. Kuna waliofungua duka, kuna walionunua gari. Baba alinunua matofali na mabati. Alituambia: duka linaweza kufa, lakini watu hawataacha kutafuta mahali pa kulala. Vyumba viwili alivyojenga vililipa masomo ya wadogo wangu, na leo vinalipa masomo ya watoto wangu. Kwa hiyo siandiki kama mutu anayezarau wenye nyumba. Mimi mwenyewe ni mwenye nyumba.

Lakini kuna ulizo moja linalonisumbua. Nikimupangisha mutu chumba, chumba kile kinabaki changu kwa namna gani? Na sheria ninazomuwekea, zinaanzia wapi na zinaishia wapi? Kwa miaka mingi nilijibu upesi: nyumba ni yangu, sheria ni zangu, asiyependa aondoke. Jambo lililotokea katika lupango yangu ndilo lilinionyesha ubaya wa jibu lile. Ninalieleza hapa kwa haya, kusudi mwingine asipite njia niliyopita.

NAMNA NILIVYOKOSA

Miaka kadhaa iliyopita nilipokea kijana mumoja katika chumba cha pili. Alitoka upande wa Kasenga, naye alikuwa akijifunza kazi ya kuunga vyuma. Komisionere ndiye alimuleta. Kijana akalipa garanti ya miezi 3, pamoja na mwezi wa kwanza. Nilihesabu feza, nikaiweka mufukoni, nikamupa ufunguo. Kiisha pale ndipo nilimutolea sheria, nikiwa nimesimama mulangoni: lango linafungwa saa 21, hakuna pombe wala tumbako, hakuna wageni wa kulala, hakuna redio siku ya Bwana, maji ni bidoni mbili kwa siku, wapangaji ndio wanafagia kiwanja na kuosha choo.

Alijibu: “Ndiyo, Baba Shemasi.”

Angejibu nini tena? Feza yake ilikuwa kwangu, na godoro lake lilikuwa juu ya pusupusu, mwenye kuisukuma akingojea malipo yake.

Miezi ya kwanza ilipita vizuri. Ijumaa moja nilikwenda katika maombi ya usiku, nikarudi saa 23 imekwisha kupita. Lango lilikuwa limefungwa, kufuatana na sheria yangu mimi mwenyewe. Mama na watoto walikuwa wamelala. Niligonga sana. Aliyekuja kunifungulia ni yule kijana. Alisema: “Karibu, Baba,” akarudi kulala. Mimi sikuwaza kitu.

Majuma mawili nyuma ya pale, yeye ndiye alichelewa. Dada yake alikuwa amezaa, naye alimupelekea nguo na chakula katika hospitali. Alifika saa 22. Nilimusikia akigonga. Muke wangu akaniambia: “Baba, mufungulie mutoto wa watu.” Nikajibu: “Sheria ni sheria.” Kijana akalala katika baraza ya jirani. Ilikuwa mwezi wa saba, na ninyi munajua baridi ya Lubumbashi katika mwezi wa saba.

Hilo lilikuwa kosa kubwa, lakini nilifanya lingine lililolipita.

Tuliona kijana anakonda, na usiku tulisikia akikohoa. Mimi nikajiambia: huyu anavuta kitu kwa siri, anachafua lupango ya shemasi. Nilikuwa nimebaki na ufunguo wa pili. Siku moja alipokwenda kazini, nikaingia chumbani mwake. Sikuona pombe, sikuona tumbako. Juu ya meza, chini ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, nilikuta vidonge na kadi ya kituo cha afya. Alikuwa akitunzwa ugonjwa wa kifua kikuu. Kadi ilionyesha kwamba alikuwa katika mwezi wa ine wa dawa, na hakukosa hata siku moja.

Nilifunga mulango. Jioni nilimwambia muke wangu. Yeye akamwambia mama wa chumba cha kwanza, kwa sababu mama yule alikuwa na mutoto wa kunyonya. Kabla ya siku ya Bwana, kartie yote ilijua. Watoto wakakatazwa kumusalimia. Kikombe alichonywea maji kikatupwa. Hakuna mutu aliyemwambia neno, lakini alielewa. Alikuja kwangu, akasimama inje ya mulango wangu, akasema: “Baba Shemasi, ninaondoka. Ninaomba garanti yangu.”

Na mimi, wapenzi, garanti ile nilikuwa nimekwisha kuila. Nilimwambia angoje mwisho wa mwezi. Hakungoja. Alibeba godoro lake, akaondoka bila feza yake.

JE, SIKUWA NA HAKI YA KUJUA?

Najua wengine watanitetea. Watasema: Shemasi, una watoto, kifua kikuu ni ugonjwa unaoambukiza, na mwenye nyumba lazima ajue nani anakaa kwake. Mimi pia nilijitetea vile, mpaka siku nilipokwenda kumuuliza muganga wa kituo cha afya.

Alinieleza hivi. Kifua kikuu kinapita kwa hewa, mugonjwa anapokohoa; hakipiti kwa kikombe wala kwa kushikana mikono. Mutu anayekunywa dawa zake vizuri, kwa kawaida nyuma ya majuma machache tu hawezi tena kuambukiza wengine. Dawa zenyewe zinakunywewa kwa muda wa miezi 6. Kijana wetu alikuwa katika mwezi wa ine. Maana yake, wakati tulipomukimbia, hatari ilikuwa imekwisha kupita, na tulimufukuza mutu aliyekuwa akipona. Kiisha muganga akaongeza neno: “Baba, wengine wanaoona mambo kama yale wanaficha dawa zao, na kuna wanaoziacha. Hao ndio wanaleta hatari katika lupango.”

Hata kama ingelikuwa hatari ya kweli, nilikuwa na kinywa. Ningeweza kumwita na kumuuliza: “Mwanangu, tunasikia unakohoa, umekwenda hospitali?” Kumuuliza mutu uso kwa uso ni haki ya kila anayeishi naye. Kufungua mulango wake akiwa hayuko ni kuiba, hata kama hukubeba kitu. Mimi nilibeba siri yake.

MAFUNDISHO MATATU

Nilipochunguza makosa yangu, niliona ni matatu, na yalifuatana. Nilitoa sheria nyuma ya feza. Niliweka sheria zisizonifunga mimi. Na nilipita mahali ambapo sheria yangu ilipaswa kusimama. Tuyatazame moja moja.

1. Sheria ya haki inasemwa mbele ya feza

Sheria inayosemwa nyuma ya malipo ni mutego. Mupangaji anapokuja kutazama chumba, bado yuko huru. Anaweza kusema: kazi yangu inanirudisha usiku, hapa hapatanifaa. Na wewe unaweza kusema: kwetu hatuwezi kufungua lango usiku sana, tafuta kwingine. Munaachana vizuri, hakuna aliyeumia. Lakini feza ikitangulia, yule anayesema “ndiyo” hasemi kwa moyo wake, anasema kwa sababu hana tena njia.

Vile vile sheria isigeuzwe katikati ya safari. Munakumbuka Labani, mukwe wa Yakobo. Yakobo alilalamika kwamba mushahara wake uligeuzwa mara kumi (Mwanzo 31:7). Labani hakumupiga Yakobo. Alimutendea ubaya kwa kugeuza maneno tu. Kuna Labani wengi katika lupango zetu. Mwezi huu fakture ya moto imo ndani ya bei ya chumba. Mwezi ujao haimo. Mwezi huu kiwanja ni cha wote. Mwezi ujao mupangaji asianike nguo kwa sababu bibi wa nyumba amekasirika. Kama jambo linapaswa kugeuka kweli, mwenye nyumba aite mupangaji, amweleze sababu, na amupe muda wa kutosha wa kukubali ao kutafuta kwingine.

2. Sheria ya haki inamufunga na mwenye nyumba

Nilipogonga lango langu saa 23, nilivunja sheria yangu mwenyewe, na mupangaji akanifungulia kwa upole. Alipogonga yeye saa 22, nikamwonyesha ukali wa sheria. Basi sheria ile haikuwa ya lango. Ilikuwa ya kuonyesha nani ni mukubwa. Tangu pale ninapima kila sheria kwa ulizo moja: je, mimi na watoto wangu tunaweza kuishika? Kama hapana, si sheria ya lupango, ni muzigo wa mupangaji peke yake.

Choo kinatumiwa na wote. Zamu ya kukiosha iwe ya wote, na jina la nyumba kubwa liandikwe katika orodha. Fakture ya SNEL inaletwa na mwenye nyumba. Aionyeshe, isomwe na wote, igawanywe kwa namna iliyokubaliwa. Si haki mupangaji mwenye taa moja na simu moja alipe sawa na nyumba yenye friji na televizyo. Redio ya mupangaji inanyamaza saa ya kulala. Basi na vijana wetu wanaojifunza nyimbo za kwaya barazani wanyamaze saa ile ile. Ndugu yangu, wimbo wa Mungu saa 23 unamunyima usingizi jirani sawa na wimbo wa dunia.

Kuna mahali sheria inamugarimu mwenye nyumba zaidi kuliko mupangaji, na ni vizuri iwe vile. Chukueni mufano wa mbabula. Katika mwezi wa sita na wa saba, watu wanaingiza mbabula yenye makala ya moto ndani ya chumba, wanafunga mulango na dirisha, kusudi wapate joto. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Mutu analala na haamuki. Kwa hiyo kukataza mbabula ndani ya chumba ni sheria ya kuokoa maisha, na mwenye nyumba asiyeiweka anakosa.

Lakini kukataza tu hakutoshi. Mama mwenye watoto watapika wapi wakati wa mvua? Torati iliagiza mutu anayejenga nyumba mupya aweke ukingo juu ya dari yake, kusudi mutu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile (Kumbukumbu la Torati 22:8). Tazameni: agizo lile halisemi wageni wasipande juu ya dari. Linamwambia mwenye nyumba ajenge ukingo. Basi mimi nikikataza mbabula chumbani, nijenge kibanda cha kupikia kiwanjani, hata cha miti mine na mabati mawili kukuu. Nikikataza kutupa maji machafu mbele ya mulango, nichimbe shimo la kuyapokea. Sheria bila kibanda ni kelele tu.

3. Sheria ya haki inasimama mulangoni

Hapa ndipo ninafikia ulizo la kichwa cha maandiko haya. Chumba nilichopangisha ni cha nani? Kuta ni zangu, mabati ni yangu, kiwanja ni changu, na siku tukimaliza mapatano yetu nitakirudisha chumba mikononi mwangu. Lakini kwa muda wote anaolipa, mahali pale pa kulala, kuvua nguo, kulia, kuomba na kuficha dawa yake, ni pake. Hakununua matofali. Alinunua ule mulango uliofungwa. Mimi nimeuza kile, nimekula feza yake. Siwezi kukiuza na kubaki nacho.

Kuna sheria moja katika Torati ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuisikia. Inasema kwamba ukimukopesha jirani yako, usiingie katika nyumba yake kuchukua rehani. Simama inje, naye mwenyewe atakuletea (Kumbukumbu la Torati 24:10-11). Yule aliyekopesha ana haki. Ni feza yake. Yule mwingine ni mwenye deni. Hata hivyo Mungu anamwambia mwenye haki asimame inje. Haki yake inatembea mpaka kizingitini, na pale inangoja. Kama mutu anayedai deni anapaswa kungoja inje, mimi ambaye kijana yule alikuwa amenilipa mwezi wake, niliingia kwa ruhusa ya nani?

Kwa hiyo ninagawanya mambo hivi. Kinachotoka katika chumba na kuwafikia wengine, kama kelele, moshi, maji machafu, ugomvi, lango lililoachwa wazi, hicho ni cha sheria za lupango. Kinachobaki ndani, kama namna mutu anavyoomba, chakula anachokula, barua anazosoma, ugonjwa anaojitunza, hicho si changu. Nikiwa na neno, nipige hodi, ningoje inje.

JE, NA POMBE?

Ulizo hili litakuja, afazali nilijibu. Sisi katika kanisa letu hatunywi pombe, hatuvuti tumbako. Je, shemasi ao muchungaji anaweza kupangisha chumba kwa mutu asiye wa kanisa letu, na kumufunga kwa sheria zetu?

Ninaona hivi. Kiwanja ni mahali pa wote, na watoto wanacheza pale. Ninaweza kusema wazi, mbele ya feza, kwamba katika kiwanja hiki hapauzwi pombe, haikunywewi, na hatuvuti tumbako. Mutu atakubali ao atakwenda kwingine. Lakini siwezi kuingia chumbani kunusa vikombe. Siwezi kumulazimisha mupangaji Mukatoliki ao Mwislamu avue viatu na kuja katika maombi yetu ya asubuhi, wala kumwangalia vibaya kwa sababu hakuja. Kuna ndugu wanaopunguza bei kwa anayekuja kanisani na kuiongeza kwa asiyekuja. Je, hiyo ni kuhubiri? Yule anayekuja kwa ajili ya bei ya chumba ataacha kuja siku atakapohama.

Na juu ya wageni, tukumbuke mutume Paulo. Yeye pia alikuwa mupangaji. Alikaa miaka miwili muzima katika nyumba ya kupanga kule Roma, akipokea wote waliokuja kumuona (Matendo ya Mitume 28:30). Kama mwenye nyumba wake angelikataza kila mugeni, wangapi wangerudi bila kusikia neno? Ni haki kusema kwamba mutu mwingine asihamie chumbani bila kuelewana, kwa sababu choo ni kimoja na maji ni machache. Si haki kumuzuia mutu asitembelewe na ndugu yake.

NENO KWA WAPANGAJI

Vijana wangu, musifurahi upesi. Haya hayakuwapa ninyi ruhusa ya kuonea. Nimepata pia mupangaji aliyesema anakuja peke yake, na kisha mwezi mumoja walikuwa watu sita ndani ya chumba kile. Nimepata aliyeondoka usiku na deni la miezi mitatu, akabeba hata taa na kadena. Mwenye nyumba anayekutegemea anaweza kuwa mama mujane ambaye chumba kile ni shamba lake na mushahara wake. Ukimunyima malipo yake, umemunyima chakula.

Ukichelewa kulipa, usijifiche, usizime taa anapopita. Nenda kwake wewe wa kwanza, sema siku utakayolipa. Kama mulango wako ni wako, basi na neno lako liwe lako.

JUU YA GARANTI

Nisiache hili, kwa sababu ndilo lilinifunga kinywa mbele ya yule kijana. Sheria ya inchi yetu namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupangisha nyumba, inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita miezi 3. Wengi wanadai zaidi, na wengine kati yao wanaimba pamoja nasi siku ya Bwana. Lakini hata ile ya miezi 3 si mali yetu. Ni feza ya mutu mwingine iliyolala kwetu. Imewekwa kwa ajili ya dirisha litakalovunjika ao mwezi usiolipwa. Kama hakuna dirisha wala deni, inarudi yote kwa mwenyewe. Anayekula garanti amekula kitu alichopewa kuchunga tu. Na kuna ubaya mwingine: mupangaji ambaye garanti yake imeliwa hawezi kuondoka hata akionewa, kwa maana hana feza ya kulipa garanti mahali pengine. Mwenye nyumba akila feza ile, mupangaji amefungwa kwake.

NAMNA NINAVYOFANYA SASA

Leo katika lupango yangu kuna karatasi moja, imeandikwa kwa mukono, ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inasema mambo ya mupangaji: siku ya kulipa, zamu ya choo, saa ya kunyamaza, mbabula isiingie chumbani, asiongeze watu bila kuelewana. Sehemu ya pili inasema mambo ya mwenye nyumba: atatoa risiti ya kila mwezi, ataonyesha fakture, atatengeneza bati linalovuja, atarudisha garanti siku ya kuondoka, hataingia chumbani bila mwenyewe kuwa pale. Sehemu ya pili ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Inasomwa mbele ya mushuhuda kabla ya feza kuonekana, na tunatia saini sote wawili. Kila mutu anabaki na karatasi yake.

Juu ya lango, tuliacha saa 21. Kila mutu mzima wa lupango ana ufunguo wa kadena. Anayerudi mwisho anafunga.

Na juu ya ufunguo wa pili wa chumba, tulifanya hivi. Unawekwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gamu, na juu ya mufungo tunatia saini zetu mbili. Ni kwa ajili ya moto, ao mugonjwa asiyeweza kufungua mwenyewe. Bahasha ikifunguliwa bila sababu ile, kila mutu ataona.

Yule kijana, nilimutafuta. Ilinichukua zaidi ya mwaka, nikapitia kwa dada yake. Nilimukuta amepona, amenenepa, anafanya kazi yake. Nilimupa garanti yake yote, nikamwomba anisamehe. Aliipokea kwa mikono miwili, akahesabu, akasema: “Aksanti, Baba Shemasi. Nimesamehe.” Nikamwambia aje siku moja kutusalimia. Akatazama chini. Akasema: “Kwa ile kartie, Baba, hapana.” Feza niliweza kuirudisha. Lile neno lililotoka katika chumba chake, sikuweza.

Wapenzi, kila mumoja wetu mwenye mupangaji, juma hili amwite. Musiketi yeye chini na wewe juu, muketi sawa. Musome sheria zenu pamoja, na wewe umuulize: ni ipi inayokuumiza? Usikasirike akijibu. Na kama unao ufunguo wa pili ambao hajui, umutolee siku ile ile, kabla hujapata sababu ya kuutumia.

Mungu abariki nyumba zetu, na wote wanaolala ndani yake. Amina.

Shemasi wenu, Lubumbashi